Gari linapozimika ghafla safarini: Chanzo hutafutwaje?

DEREVA anayetoka Dodoma kwenda Singida huteremka kwanza hadi uwanda wa Bahi, kisha baada ya kupita Kintinku huanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Ni mahali pabaya pa kuzimikiwa na gari. Nyuma kuna lori lenye shehena, mbele kona haionekani, na bega la barabara halitoshi kuegesha hata pikipiki kwa usalama.

Gari lililozimika ghafla hufikishwa gereji likiwa na maelezo mafupi tu: "Lilizima lenyewe." Kutokana na maneno hayo mawili fundi hubadilisha plagi. Likizima tena, hubadilisha pampu ya mafuta. Likizima mara ya tatu, mwenye gari huambiwa kwamba kompyuta ya injini imekufa na atafute nyingine. Kufikia hapo ametumia fedha nyingi, na ubovu uko palepale.

Ukweli ni kwamba injini haizimiki bila kuacha ushahidi. Ushahidi huo uko katika namna ilivyozimika, katika taa zilizowaka au kutowaka kwenye dashibodi, na katika muda uliopita kabla haijakubali kuwaka tena. Shahidi wake ni dereva peke yake, kwa kuwa fundi hakuwapo. Dakika kumi za kwanza baada ya injini kunyamaza zina thamani kuliko nusu siku ya kubahatisha chini ya mwembe wa gereji.

Kabla ya chanzo, usalama

Injini inapozimika gari likiwa katika mwendo, mambo mawili hubadilika mara moja. Usukani wenye msaada wa pampu ya haidroliki huwa mzito, lakini bado unageuka. Breki nazo hubaki na akiba ya nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha kanyagio hukakamaa. Kwa hiyo breki ikanyagwe mara moja kwa uthabiti, si kwa kupapasapapasa, kwani kila mguu unapoachia akiba hiyo hupungua.

Kosa la hatari kuliko yote ni kuzungusha ufunguo mpaka mwisho na kuuchomoa wakati gari bado linatembea. Hapo kufuli la usukani hunasa, na gari huenda linakotaka. Ufunguo ubaki mahali pa kuwasha. Mwenye gia otomatiki anaweza kuweka gia huru na kujaribu kupiga stata huku gari likiserereka. Mwenye gia za mkono anaweza kuacha gia ya tatu na kuachia klachi taratibu, na mara nyingine magurudumu yenyewe huiamsha injini. Isipoamka, taa za tahadhari ziwashwe na gari litolewe barabarani wakati lingali na mwendo.

Zile pembetatu za kuakisi mwanga, ambazo wengi hubeba kwa ajili ya askari wa usalama barabarani tu, ziwekwe mbali nyuma ya gari, si hatua tatu kutoka kwenye bampa. Abiria washuke upande wa kushoto na wasimame nje ya barabara. Baada ya hayo ndipo uchunguzi uanze.

Lilizimika vipi?

Swali la kwanza ni kama injini ilikatika mara moja kama taa iliyozimwa kwa swichi, au ilikohoa, ikapoteza nguvu, ikaruka-ruka kisha ikafa. Tofauti hii ni kubwa. Kukatika mara moja, bila dalili yoyote, mara nyingi huelekeza upande wa umeme: moto wa plagi umekosekana kwa silinda zote kwa wakati mmoja. Kukohoa na kufa polepole huelekeza upande wa mafuta, kwa sababu petroli iliyobaki kwenye mabomba huendelea kutumika kwa sekunde chache presha ikishuka.

Swali la pili linahusu dashibodi. Injini ikifa huku swichi ikiwa bado imewashwa, taa nyekundu za oili na betri ni lazima ziwake. Zikiwaka kama kawaida, maana yake umeme wa gari upo, na ubovu utafutwe kwenye mafuta, kwenye moto wa plagi au kwenye sensa. Lakini kama dashibodi yote iligeuka giza, redio ikanyamaza na viashiria vikagoma, basi hakuna haja ya kufungua tangi la mafuta. Umeme wenyewe umekatika: tamino za betri zimelegea, waya wa bodi umechomoka, fyuzi kubwa imeungua au swichi ya ufunguo imechakaa.

Wapo madereva wanaokumbuka zaidi ya hayo. Watasema kwamba kabla injini haijazimika taa za mbele zilififia na waipa zikawa nzito. Hiyo ni hadithi ya alteneta iliyoacha kuchaji, gari likaendelea kula akiba ya betri mpaka ikaisha. Mita ya umeme huthibitisha kwa dakika moja: betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kushuka, betri mpya haitamsaidia mtu zaidi ya saa chache.

Kuna kidokezo kingine ambacho wachache hukitazama, nacho ni mshale wa mizunguko ya injini. Gari la gia za mkono likiwa bado kwenye gia, magurudumu huendelea kuizungusha injini hata kama haina moto. Mshale ukianguka hadi sifuri papo hapo ilhali gari linaserereka, ishara inayotoka kwenye mfumo wa kuwashia imepotea, na sensa ya krankishafti au koili huwa mshukiwa wa kwanza. Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, ishara ipo na pengine mafuta ndiyo hayapo. Si magari yote yanayotoa jibu safi namna hii, lakini ni ushahidi usiogharimu kitu.

Swali la tatu: lilikuwa likifanya nini? Injini inayofa dereva anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, akikaribia mzunguko au taa za barabarani, kisha ikawaka mara moja, mara nyingi haina ugonjwa mkubwa. Njia ya hewa imejaa masizi, au vali inayoshikilia mzunguko wa chini imechafuka, na kuisafisha kunatosha. Injini inayofa mlimani ikiwa na mzigo huashiria presha ndogo ya mafuta. Ile inayofa kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi, hasa gari linaporuka shimo, huashiria waya au kiungio kinachochezacheza.

Vumbi la Dodoma, tuseme hapa, hulaumiwa kupita kiasi. Filta ya hewa iliyoziba huifanya injini ile mafuta mengi na kukosa nguvu, lakini ni nadra sana kuikata ghafla katikati ya safari.

Tangi lisilojaa kamwe

Kwa upande wa mafuta, kifaa kinachochunguzwa kwanza ni pampu. Katika magari mengi ya petroli yanayotumia nozeli, pampu hukaa ndani ya tangi, na petroli inayoizunguka ndiyo huipoza. Tabia ya mjini ya kununua mafuta kidogo kidogo na kutembea na taa ya mafuta ikiwaka huiacha pampu ikifanya kazi kavu na yenye joto. Aidha, tangi likiwa karibu tupu, uchafu ulio chini huvutwa kuelekea kwenye kichujio. Safari ya kilomita 260 hivi kati ya Dodoma na Morogoro, kwenye jua la mchana, huweza kuimaliza pampu iliyokwisha kuchoka kwa mizunguko ya mjini.

Pampu inayokufa kwa joto ina tabia inayotambulika. Gari huzimika baada ya mwendo mrefu, hukataa kuwaka, kisha baada ya nusu saa kivulini huwaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Dereva hufurahi, hufika, na wiki inayofuata linarudia.

Njia rahisi ya kuijaribu ni kumweka mtu mmoja kwenye usukani na mwingine sikio lake kwenye mdomo wa tangi, kifuniko kikiwa kimefunguliwa na sigara zote zikiwa mbali. Swichi inapowashwa, magari mengi hutoa mngurumo mdogo wa sekunde mbili hivi. Hapa kuna mtego: baadhi ya Toyota za zamani hazingurumi mpaka stata ipigwe, kwa hiyo ukimya wa swichi peke yake si uthibitisho. Mtu wa usukani apige stata, wa tangi asikilize. Pampu isiponguruma, fyuzi na relei yake zikaguliwe kwanza, kwa kuwa relei hubadilishwa kwa dakika mbili ilhali pampu humaanisha kuinua kiti au kushusha tangi.

Ikinguruma bado haijathibitika kuwa nzima. Pampu inaweza kuunguruma na kutoa presha nusu. Kipimo cha kweli ni geji ya presha, ambayo kwenye injini nyingi za nozeli husoma kilo 3 hivi kwa sentimita ya mraba. Injini za D-4 za Toyota, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina pampu ya pili yenye presha kubwa zaidi, nayo haivumilii mafuta machafu.

Ubovu wa pampu si wa magari yaliyochoka tu. Januari 2020 Toyota ilitangaza kuyarejesha kwa matengenezo takribani magari 700,000 nchini Marekani kwa sababu pampu ya mafuta iliweza kuacha kufanya kazi na kuizima injini barabarani, na miezi michache baadaye idadi duniani ilivuka milioni 3. Matangazo ya namna hiyo humfikia mmiliki aliyesajiliwa katika nchi gari lilikouzwa likiwa jipya. Mtanzania aliyelinunua likiwa limetumika, likashuka bandarini Dar es Salaam, hapelekewi barua na mtu. Anachoweza kufanya ni kuingiza nambari ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuona kama gari lake lilitajwa na kama lilirekebishwa.

Mafuta yenyewe nayo huweza kuwa na kasoro. Miaka ya 2000 uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa kilio cha kila siku. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Maji ndani ya tangi, hata hivyo, hayahitaji mhalifu. Kisima cha kituo kinachovuja wakati wa mvua kinatosha. Gari lililokuwa zima, likakohoa na kufa kilomita chache baada ya kujazwa, lichukuliwe sampuli kwenye chupa angavu na kuachwa litulie. Maji hukaa chini, petroli juu, na mstari kati yake huonekana kwa macho. Chupa hiyo pamoja na risiti ya kituo ni vitu vya kutunza.

Magari machache yaliyobaki ya kabureta, na injini ndogo za aina hiyo, yana ugonjwa wao. Petroli huchemka kwenye bomba karibu na injini, na mvuke huikatisha njia. Mwinuko wa Dodoma wa takribani mita 1,100 na joto la Oktoba na Novemba huurahisisha. Madereva wa zamani waliufunika mrija kwa kitambaa kilicholowa maji na kusubiri, nao hawakukosea.

Umeme, na mikono iliyoupitia

Kwenye injini za petroli za miaka ya karibuni, kifaa kidogo chenye uwezo wa kuizima injini nzima ni sensa ya krankishafti. Hiyo huiambia kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, kwamba injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Ishara yake ikikatika, kompyuta huacha kuamuru cheche na mafuta kwa pamoja. Waya mwembamba uliomo ndani yake hupasuka kwa joto na kuungana tena unapopoa, ndiyo maana dalili zake hufanana sana na za pampu: huzimika ikiwa moto, huwaka ikipoa. Koili na ignaita, kifaa kinachoiamuru koili kutoa cheche, nazo hufanya vivyo hivyo.

Kuzitenganisha si vigumu iwapo uchunguzi utafanywa wakati gari limekataa kuwaka, si baada ya kupoa. Plagi ya akiba ikiunganishwa kwenye koili na mwili wake kugusishwa kwenye chuma cha injini, mtu akapiga stata, cheche ya buluu huonekana au haionekani. Plagi ishikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira, kwa sababu umeme huo ni wa maelfu ya volti, na isifanywe kabisa kama kuna harufu ya petroli. Cheche ikiwapo na pampu ikawa kimya, jibu liko nyuma kwenye tangi. Pampu ikinguruma na cheche ikakosekana, jibu liko mbele. Vyote viwili vikikosekana kwa pamoja, sensa ya krankishafti au relei kuu hujitokeza.

Swichi ya ufunguo nayo ina historia isiyopendeza. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kurejesha magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi zake zilikuwa laini mno: tikisiko la barabara au uzito wa funguo nyingi uliweza kuirudisha nyuma, injini ikazimika na mikoba ya hewa ya kuokoa abiria isifanye kazi. Mfuko wa fidia ulioanzishwa na kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Mtu anayening'iniza funguo za nyumba, ofisi, duka na kufuli la geti kwenye ufunguo wa gari lenye umri wa miaka 20 anaichakaza swichi yake kwa namna ileile. Jaribio lake ni kuutikisa ufunguo kwa upole injini ikiwaka, gari likiwa limesimama. Ikikatika, chanzo kimepatikana.

Hata hivyo, kwa magari yetu kuna jambo ambalo vitabu vya watengenezaji havilitaji. Nalo ni kazi ya mikono iliyoupitia umeme wa gari baada ya kufika nchini. Alamu zinazofungwa mitaani, vifaa vya kulifuatilia gari kwa simu, na ile swichi ya siri iliyofichwa chini ya usukani ili mwizi asifike mbali, vyote hukata waya wa pampu au wa swichi na kuupitisha kwenye relei ya bei nafuu. Kiungo husokotwa kwa vidole na kufungwa kwa tepu. Joto huilegeza gundi ya tepu, mtikisiko hufungua msokoto, na gari huzimika mahali ambapo mwizi hayupo.

Tuchukue mfano wa gari lililobadilishiwa pampu, plagi na sensa katika gereji tatu tofauti, na kila mara likatoka likiwa zima kwa siku kadhaa. Kila fundi, alipokuwa akifungua vifuniko, alizisogeza nyaya zilezile bila kujua, kiungo kibovu kikagusana kwa muda. Kwa sababu hiyo mwenye gari lenye alamu amwambie fundi tangu mwanzo, na kipimo cha kwanza kiwe kuiondoa alamu hiyo kabisa kwenye njia ya umeme.

Kompyuta inakumbuka, usiisahaulishe

Mafundi wengi wana desturi ya kuchomoa tamino ya betri kwa dakika chache ili "kuriseti." Mara nyingine gari huwaka baada ya hapo, na desturi ikapata sifa. Kwa gari linalozimika ghafla ni kufuta ushahidi, kwa kuwa kwenye magari mengi namba za makosa zilizohifadhiwa hupotea. Zisomwe kwanza.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji hata mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye matundu yaliyoandikwa majina, miongoni mwake TE1 na E1. Mawili hayo yakiunganishwa kwa kipande cha waya, swichi ikiwashwa bila kuiamsha injini, taa ya injini hukonyeza kwa hesabu. Mkonyezo mmoja kisha miwili ni namba 12. Hiyo na 13 humaanisha kupotea kwa ishara ya mizunguko, na 14 huelekeza kwenye ignaita. Asiyeyaona maandishi vizuri asibahatishe matundu mengine.

Kwa magari ya baadaye, mashine ya kusomea huchomekwa chini ya dashibodi. P0335 ni sensa ya krankishafti au nyaya zake, P0340 ni ya kamshafti. Maneno "au nyaya zake" yana uzito, kwa maana namba haisemi kifaa kimekufa. Husema ishara haikufika. Panya aliyetafuna waya hutoa namba ileile. Kadhalika, kukosekana kwa namba si cheti cha afya: kompyuta za magari mengi ya zamani hazipimi presha ya petroli, hivyo pampu inaweza kufa mara kumi bila kuandikwa popote.

Joto na taiming

Injini iliyochemsha nayo huzimika, lakini kwa kawaida hutangaza. Maji safi kwenye mwinuko wa Dodoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Sentigredi, si 100. Kifuniko kizima cha rejeta, kwa kuyakandamiza maji, hukipandisha kiwango hicho kupita nyuzi 110. Kifuniko kilicholegea mpira huiondoa kinga hiyo yote, na injini huanza kupoteza maji kwenye kilima ambacho Dar es Salaam isingelikuwa nacho. Geji ya temprecha nayo hudanganya: maji yakiisha kabisa, sensa yake hubaki kwenye hewa na mshale huweza kurudi chini wakati silinda hedi inaungua. Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa moto, na stata isipigwe kwa nguvu ikiwa injini imekakamaa.

Taiming belti iliyokatika hutambulika kwa sauti. Injini hufa papo hapo, na ukipiga stata huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa kusukuma. Hapo stata iachwe. Kwenye baadhi ya injini, kama 5A-FE na 3S-FE, belti ikikatika vali hazigongani na pistoni na gari hupona kwa belti mpya. Kwenye nyingine kila mzunguko wa ziada hupinda vali. Magari ya Japani mara nyingi huwa na kibandiko chini ya boneti kinachoonyesha belti ilibadilishwa kwa kilomita ngapi. Kisipokuwapo, na odometa imepita 100,000, ichukuliwe kwamba haijabadilishwa. IST na nyingine zenye injini ya 1NZ-FE au 2NZ-FE hutumia cheni, hazina ugonjwa huu.

Dizeli ni hadithi fupi zaidi, kwa kuwa haina plagi za cheche. Land Cruiser au Hiace ya dizeli inayozimika imekosa mafuta, imevuta hewa kwenye mrija uliopasuka, au swichi ya umeme inayofungua mafuta kwenye pampu imekosa moto. Kitufe cha pampu ya mkono juu ya filta kikibonyezwa na kikawa laini bila kukaza, hewa imeingia. Maji yaliyokusanyika chini ya filta yamwagwe.

Kati ya Desemba na Aprili huongezeka korongo. Gari likizimika ndani ya maji yaliyofika kwenye bampa, lisiwashwe tena kamwe. Maji yaliyovutwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na stata moja hutosha kuipinda konrodi. Livutwe nje, plagi zitolewe na maji yatoke kwanza.

Gereji

Ugonjwa unaokuja na kuondoka haupatikani gari likiwa limesimama. Fundi mwenye subira huunganisha geji ya presha ya mafuta kwa mrija mrefu na kuifunga mahali inapoonekana kutoka ndani ya gari, huweka taa ndogo ya majaribio kwenye waya wa umeme wa koili, kisha huendesha kuelekea Nala na Bahi mpaka lizime. Mwingine hubaki gereji na kuipasha sensa joto kwa mashine ya kukaushia nywele iliyoazimwa saluni, injini ikiwaka, akisubiri ikatike. Njia zote mbili huchukua muda, na muda huo ni wa kulipiwa. Mwenye gari akubaliane na fundi kuulipia kabla ya kununua kifaa chochote.

Gari likizima njiani geji ikabaki juu na taa ikafa, pampu haina kosa na nyaya zifuatwe kutoka kwenye swichi. Geji ikianguka taa ikiwaka, tangi lifunguliwe. Vyote viwili vikibaki kama vilivyo na injini ikawa imenyamaza, sensa ya krankishafti ndiyo ya kupimwa, ikiwa bado moto, kabla haijapata nafasi ya kupoa.